Anayemgeuza mama kitandani ndo hana kauli

Ukitaka kujua familia inamuuguza vipi mama yao, usiwaulize wanampenda kiasi gani, maana jibu la hapo ni lile lile kwa kila mtu na mara nyingi ni la kweli. Subiri wakae kikao afu angalia nani anaongea. Kaka mkubwa aliyepigiwa simu huko mbali ataongea kwanza na ataongea sana. Anayetuma hela ataongea. Shemeji msomi ataongea, atasema kuna dawa kasoma habari zake mahali. Yule binti anayelala chumba kimoja na mama, anayeamka saa nane usiku kumgeuza, anayejua mama akikunja uso namna ile maana yake nini, yeye atakuwa anaingia na kutoka, mara kaenda kumwangalia mama, mara kapokea wageni, na akiulizwa atasema "nyie amueni tu". Na mama mwenyewe yuko chumba cha pili, anasikia sauti za wanae lakini hajaitwa na hamna aliyewaza kumwita.

Ninachosema mimi ni kwamba kwenye familia nyingi kauli juu ya mama mgonjwa inakwenda kinyume na ukaribu wa kitanda chake. Aliye mbali zaidi ana kauli kubwa zaidi, aliye karibu ana ndogo, na aliyelala juu ya kitanda hana kabisa. Watu wanadhani kinachovuruga ndugu kipindi hiki ni gharama, au uchovu, au tabia za fulani, na hivyo vyote vipo sikatai, ila ukichimba chini unakuta huu mpangilio mbovu wa kauli, na unamwumiza mama mwilini kabisa, sio suala la ndugu kununiana tu.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana wengi wanajipanga vibaya kwa sababu hawajui unaendaje. Mwaka 2003 daktari Mmarekani Joanne Lynn, ambaye kazi yake imekuwa ni wazee na wagonjwa wa mwisho wa maisha, alieleza pamoja na mwenzake David Adamson njia tatu ambazo watu wengi wanapitia kuelekea kifo kwa magonjwa ya muda mrefu. Ya kwanza ni ya saratani nyingi: mtu anakaa na nguvu zake muda mrefu, anatembea, anafanya mambo yake, afu wiki au miezi michache ya mwisho anashuka kwa kasi. Ya pili ni ya moyo kushindwa kazi na mapafu mabovu: ana nafuu kiasi, ghafla anazidiwa, analazwa, anarudi nyumbani, lakini kila akirudi harudi pale alipokuwa, na hamna anayejua ni kulazwa kupi kutakuwa kwa mwisho. Ya tatu ndo ya uzee wa kudhoofika, dimensha (ugonjwa wa kumbukumbu na akili kufifia), na kiharusi kilichoacha ulemavu: kushuka taratibu kwa miaka, leo ameshindwa kufunga vifungo, baadaye ameshindwa kwenda chooni peke yake, baadaye ameshindwa kukumbuka jina la mtoto aliyemshika mkono.

Sasa familia zinajipanga kwa njia ya kwanza hata kama mama yuko kwenye ya tatu. Mama anaanguka, anapelekwa hospitali, ndugu wote wanakimbia, grupu la WhatsApp linafunguliwa siku hiyo hiyo, hela zinachangwa, watu wanaomba ruhusa kazini, wanapokezana kukaa wodini, na kwa kweli ni kitu kizuri kukiangalia. Lakini wamejiandaa kwa dharura ya wiki mbili na kilichokuja ni miaka. Kufika mwezi wa tano grupu limebaki na maombi na "pole sana mama yetu", michango imekuwa ya kukumbushwa, na mama yuko nyumbani na mtu mmoja. Hawakuacha kumpenda, mi naamini hivyo, ni kwamba kila mtu alitoa nguvu zake zote mwanzoni akidhani mwisho uko karibu, na mwisho haukuwa karibu.

Na yule mtu mmoja alipatikanaje? Hapo ndo pananiuma zaidi. Hamna siku ndugu walikaa wakasema tumemchagua fulani na sisi wengine tutambebea hiki na kile. Ilitokea tu. Eti kwa vile hajaolewa. Kwa vile biashara yake ni ndogo anaweza kuifunga. Kwa vile yeye ndo anaelewana na mama. Au ni mke wa mdogo wenu, mtu ambaye siku mama akifariki hatahesabiwa hata kwenye wafiwa wa karibu, ila ndo amemuogesha mama wa watu miaka mitatu. Wanaume wanaouguza mama zao wapo na nawaheshimu sana, ila ukiangalia familia nyingi mzigo umekwenda kwa mwanamke na umekwenda bila kuulizwa, na kwa sababu haukutamkwa hauna mipaka, hauna likizo, hauna siku ya kupokezana. Akisema amechoka anaonekana anamchoka mama.

Uchovu wenyewe si wa kuutibu kwa kulala Jumapili moja. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee waliokuwa na wenza wagonjwa au wenye ulemavu nyumbani, wakakuta wale waliokuwa wanauguza na wakati huo huo wanaelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiokuwa na mzigo wa kuuguza. Hao walikuwa wenza, wazee kwa wazee, sio watoto, kwa hiyo usiichukue namba hiyo ukambandika binti wa miaka 40, ila kama baba bado yupo na ndo mmemwachia mama, ifikirieni vizuri hiyo namba kabla ya kusema "si yupo na mzee".

Kuna kitu watu wa mbali hawakielewi kuhusu kazi hii, nao si kwamba wana roho mbaya, ni kwamba hawajawahi kuiona mwanzo mpaka mwisho. Wanadhani ni kukaa na mgonjwa. Mama asiyeweza kujigeuza inabidi ageuzwe kila baada ya saa chache, wengi wanafundishwa mbili, mchana na usiku, la sivyo damu haipiti vizuri pale mfupa unapogandamiza ngozi, juu ya makalio pale mwisho wa mgongo, kwenye nyonga, visigino, na kidonda cha kitandani kikishafunguka kinaweza kuchimba hadi kwenye mfupa na kuchukua miezi kupona kama kitapona. Kwa hiyo mwuguzaji anakagua kila siku, anatafuta ile sehemu nyekundu ambayo ukiibonyeza haipauki. Anajua mama akinywa maji ya kawaida anakohoa ila vitu vizito kidogo vinapita, na anajua ule ukohozi una maana, kwamba maji yanapotea njia yanaelekea mapafuni na nimonia ya namna hiyo inaua wazee. Anajua mama kapata choo lini. Anajua ni dawa gani mama anaificha chini ya ulimi afu anaitema. Anajua jua likizama mama anaanza kutaka kwenda nyumbani wakati yuko nyumbani, na kwamba kumbishia kunamzidishia hofu ila ukimshika mkono mkatembea hadi mlangoni mkarudi anatulia.

Haya yote ni taarifa. Mimi nasisitiza hapa kwa sababu ndo kiini cha hoja yangu: kumlea mama kunazalisha ujuzi ambao hamna mtu mwingine duniani anao, hata dokta bingwa, na familia inautupa ujuzi huo kila siku kwa sababu mwenye nao hana cheo.

Mfano mmoja ambao naomba kila mtu mwenye mzazi mzee aukumbuke. Mama aliyekuwa anaongea vizuri Jumatatu, kufika Jumatano haelewi yuko wapi, anaona watu ambao hawapo, anavuta mashuka, au kinyume chake amekuwa kimya sana, analala mchana kutwa, ukimwamsha anakuangalia tu. Anayelala naye atasema "mama leo si yeye". Wa kwenye simu watasema ni uzee, au dimensha imezidi, mwacheni apumzike. Na hapo watu wa kwenye simu wanaweza kuwa wanaua mtu bila kujua. Dimensha nyingi zinakuja kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kulikokuja kwa saa au siku chache kunaitwa deliriamu, na kwa mzee mara nyingi kuna kitu nyuma yake ambacho kinatibika: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, maji kupungua mwilini, choo kufunga, mkojo kuziba, maumivu ambayo hawezi kuyasema, sukari kushuka, au dawa mpya aliyoanzishwa juzi. Zile dawa za usingizi, na hata baadhi ya dawa za kawaida za mafua na aleji, zinaweza kumvuruga mzee kichwa kabisa. Na ile ya kimya ndo mbaya zaidi maana hamna anayelalamika, kila mtu anashukuru mgonjwa katulia.

Dokta anaweza kuigundua hiyo, lakini kitu cha kwanza anachohitaji kujua ni kwamba hali imebadilika kuanzia lini, na hicho anacho mtu mmoja tu. Sasa angalia kinachotokea kule hospitali: dokta anaingia, anamtafuta "msemaji wa familia", na msemaji ni kaka mkubwa aliyeshuka jana usiku kwenye gari, amevaa vizuri, anaongea vizuri, na anaulizwa mama ameanza lini hii hali, anajibu "imekuwa muda sasa". Kwake yeye ni muda kweli, hajamuona tangu mwaka jana! Binti amesimama nyuma na pampasi mkononi. Jibu sahihi lilikuwa siku mbili.

Na hili la ndugu anayetoka mbali halikugunduliwa na mimi. Madaktari wa wazee walishaliandika kwenye jarida lao mwaka 1991 na wakalipa jina, binti wa kutoka California. Walikuwa wanaeleza hali ambayo mgonjwa mzee hawezi tena kujiamulia, wanaomuuguza na madaktari wameshaelewana cha kufanya, afu anaingia ndugu ambaye hakuwepo siku zote, anafoka, anataka vipimo virudiwe, mgonjwa ahamishwe, kila kitu kinachowezekana kifanyike. Naamini kila dokta na nesi anayesoma hapa ameshamuona, na amemuona akiwa wa kiume pia.

Huwa anatukanwa sana huyu ndugu, mi sitaki kumtukana. Ukimwelewa unaona hasira yake inatoka wapi. Waliobaki na mama wameuona mteremko hatua kwa hatua, wameshaomboleza kidogo kidogo, siku aliyoshindwa kusimama walilia, siku aliyosahau majina walilia tena. Yeye ana picha ya mama wa likizo iliyopita, mama aliyekuwa anacheka mezani, na leo kakuta mtu mwingine kitandani, na maombolezo yote ambayo wenzake wameyagawa kwa miaka mitatu yeye yamemwangukia mlango ule ule anaoingilia. Anatafuta wa kulaumu. Na ndani kabisa kuna lile swali la kwa nini hakuja mapema, ambalo halina jibu zuri, kwa hiyo linageuka kuwa amri kwa wengine. Hapo namwonea huruma kabisa. Kinachonikera ni kwamba familia inampa nguvu ya kuamua kwa sababu ya huzuni yake na hela zake, wakati huzuni ilitakiwa apewe bega na hela ziheshimiwe kama hela. Mchango wake ni wa kweli, bila hela dawa hazinunuliwi. Lakini hela ina risiti na mikono haina risiti, ndo maana kwenye kikao aliyetuma anajulikana katuma kiasi gani na aliyeamka usiku hamna anayejua kaamka mara ngapi.

Tuje kwa mama mwenyewe. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na walikuwa sahihi kwa walichokikusudia, kwamba mtu anayehitaji msaada mpe, usimsubirishe kwa maswali. Ila sisi tumeivuta methali hiyo mpaka ikafunika kila kitu. Mama haulizwi alazwe wapi, haulizwi akatwe mguu au la, haulizwi nani amuogeshe, na kubwa kuliko yote haambiwi anaumwa nini. "Msimwambie mama, atakata tamaa." Ndugu wanakubaliana nje ya mlango wa dokta, wanaingia wakitabasamu, na mama anawaangalia anajua kabisa kwamba kuna kitu, maana amewalea, sura zao anazisoma tangu wana miaka miwili, sasa naye anatabasamu ili asiwaumize. Familia nzima inaigizana. Mama anabaki peke yake na hofu yake katikati ya watu wanaompenda.

Na msidhani huu ni ushamba wetu, dunia nzima imepitia hapo. Mwaka 1961 utafiti uliofanyika Marekani ulikuta asilimia 90 ya madaktari walioulizwa wanapendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali likarudiwa na asilimia 97 wakapendelea kumwambia. Miaka 18 tu. Madaktari hawakuota roho nyingine, kilichobadilika ni kwamba tiba ilikuwa na la kusema zaidi na wagonjwa walianza kudai kuambiwa ya kwao. Wapo wazee ambao kweli hawataki kujua, hilo ni haki yao na liheshimiwe, ila basi tulisikie kwake: "Mama, majibu yakija unataka uambiwe wewe mwenyewe au aambiwe nani?" Hilo ni swali dogo sana na halijawahi kuua mtu.

Watu wanaogopa mazungumzo haya kwa sababu wanadhani ni lazima uanze na kifo. Si lazima. Muulize kitu gani kinamtia hofu zaidi, na unaweza kushangaa hajataja kufa kabisa, ametaja maumivu, au kuogeshwa na mtoto wa kiume, au kuwa mzigo, au kufia mahali ambapo hamna anayemjua. Muulize akifika mahali hawezi kuongea nani amsemee, na hapo mnaweza kupata jibu ambalo litawashtua, anaweza kumtaja kitindamimba, au mjukuu, au dada yake. Muulize siku nzuri kwake sasa hivi ikoje. Mama mwenye dimensha ya mwanzo bado anaweza kujibu yote haya, na kama asubuhi anakuwa na akili nyepesi kuliko jioni basi muulizeni asubuhi. Watu wanakosea wanadhani akili ya mgonjwa iko au haiko, kumbe mtu anaweza kushindwa kuelewa mambo ya hela na bado akajua vizuri kabisa anataka nani amshike mkono na hataki mpira gani upitishwe kwenye mwili wake. Muandike, kwa maneno yake mwenyewe, na ndugu wote waone.

Kwa sababu asipoulizwa akiwa na sauti, siku itafika maswali yatakuja kwa kasi na yatamkuta kaka wa kwenye simu. Moyo ukisimama, akandamizwe kifua ili uamke? Wengi majibu yao wanayatoa kwenye televisheni. Mwaka 1996 watafiti waliziangalia tamthilia za hospitali na vipindi vya uokoaji vya televisheni ya Marekani wakahesabu wanaokandamizwa kifua, wakakuta robo tatu wanafufuka pale pale na theluthi mbili wanaonekana wanapona hadi kutoka hospitali. Kwenye hospitali halisi, mzee aliyepita miaka 80 ambaye moyo umesimama, wanaotoka hai ni chini ya mmoja kati ya watano, na mbavu zinavunjika, na baadhi ya wanaotoka hawarudi kuwa walivyokuwa. Sisemi jibu liwe hapana. Kuna mama atasema nipiganieni hadi mwisho na apiganiwe. Nasema jibu liwe la mama na liwe limejengwa juu ya ukweli.

Au hili la kula, ambalo naona ndo linatesa familia kuliko yote. Mama amefika mwisho wa dimensha, anafunga mdomo, anageuza uso, amekonda. Mtu anasema tutamwacha afe njaa? awekewe mpira! Nani atapinga hilo bila kuonekana muuaji? Lakini madaktari wa wazee wa Marekani kupitia chama chao wameshatoa msimamo kwamba kwa dimensha iliyofika mbali mpira wa kulishia haupendekezwi, kwa sababu haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia chakula kuingia mapafuni, na mgonjwa anaweza kuishia kufungwa mikono ili asiuchomoe. Wanashauri mtu alishwe kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kiasi anachotaka. Mara nyingi kufika hapo mwili wenyewe unakuwa unafunga kazi, na kutokula ni sehemu ya huko kufunga. Yule anayemlisha kijiko kwa kijiko ameshaliona hilo wiki nyingi zilizopita, ila kwenye kikao atawezaje kusema mbele ya kaka zake kwamba mama amemaliza kula? Hana kauli ya kulisema, na akilisema ataambiwa kachoka.

Hapa ndo inapotakiwa tiba shufaa, yaani ile huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, iwe imeshaingia zamani, na watu wanaikataa kwa sababu wanadhani ni kutangaziwa kifo. Cicely Saunders alianza akiwa nesi, akawa mfanyakazi wa jamii wa hospitali, akasomea na udaktari, mwaka 1967 akafungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa mwisho wa maisha kule London, na alichokuwa anahubiri ni kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayako mwilini peke yake, yapo pia ya moyo, ya familia, ya imani, na yote yanashughulikiwa. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walitoa utafiti wao wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakapewa shufaa mapema pamoja na tiba yao ya kawaida, na hao ndo waliokuwa na hali nzuri zaidi na wakaishi muda mrefu zaidi, kwa wastani miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa walipata tiba nzito chache zaidi mwishoni. Na bado Shirika la Afya Duniani linasema ni kama asilimia 14 tu ya wanaoihitaji huduma hii duniani wanaipata. Mofini, dawa kali ya maumivu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu orodha ya kwanza kabisa mwaka 1977, ni dawa ya bei ndogo, ila kuna familia inakataa mama apewe kwa kuhofia atakuwa teja, mama mwenye wiki chache za kuishi. Anayekataa mara nyingi si yule anayemsikia akiugulia usiku.

Sasa naambiwa, unataka kumpa anayeuguza nguvu zote, na je akiwa amechoka kiasi kwamba anataka yaishe? akiwa na jicho kwenye nyumba? akiwa anamfinya mama wakati hamna anayeona? Ni hoja nzito na siikwepi, mambo hayo yapo, wazee wanateswa na watu wa ndani na watesaji wengine ndo hao hao wauguzaji. Ila dawa yake sio kumpa kauli mtu wa simu. Dawa yake ni maneno ya mama yaliyoandikwa mapema, na ni mikono mingi zaidi kitandani. Ndugu anayekuja kukaa na mama peke yake wiki nzima, dada akiwa ameondoka kabisa kwenda kupumzika sio yuko jikoni anaelekeza, huyo anafanya mambo matatu kwa mkupuo: anampa mwenzake usingizi, anaona mwili wa mama kwa macho yake, na anapata haki ya kuongea. Wiki moja hiyo inabadilisha watu. Nafahamu familia ambayo kaka yao alikuwa mkali sana kwenye simu, akaja akakaa, na tangu hapo simu zake zinaanza na "mmelalaje?"

Asiyeweza kuja kabisa, kwa kazi au kwa makaratasi ya ugenini, alipie mtu wa kupokezana usiku, na akishalipa asidhani kanunua uamuzi. Kama mwuguzaji aliacha kazi ili mama atunzwe basi ndugu wamlipe kila mwezi kwa tarehe, sio zawadi ya kuombewa shukrani, na wakubaliane mbele ya mama kama bado anasikia. Kuwe na daftari moja pembeni ya kitanda, dawa, choo, maji, joto, amelalaje, nini kimebadilika leo, afu anayetaka kutoa ushauri kwenye grupu asome kwanza picha ya ukurasa wa jana.

Na hospitali nazo zibadilike, kwa sababu huu mpangilio mbovu zinaupa nguvu zenyewe kila zinapomtafuta mwanaume mwenye suti. Dokta akikuta watu sita wamezunguka kitanda, swali la kwanza liende kwa mama, kwa jina lake, hata kama atajibu kwa kukonyeza. La pili liwe nani alilala naye jana. Huyo ndo akalishwe kwenye kiti, aelezwe dawa mpya ni ya nini na dalili gani ya kukimbia nayo, na namba ya simu ya kupiga usiku aandikiwe yeye.